Kicheko cha Nyamizi

Mchungaji Gidioni alipiga marufuku kucheka, kijiji kizima kikanuna. Akina mama wakawa wanatekenya watoto wao kwa kujificha.

"Kicheko humfurahisha Shetani," alihubiri. "Bibi harusi akicheka, simfungishi ndoa!"

Nyamizi, ambaye angeolewa kesho yake, akanyoosha mkono. "Baba Mchungaji, Shetani mwenyewe akichekwa, atafurahi?"

"Thubutu! Atapiga mayowe akimbie."

"Kwa hiyo tumcheke?"

"Mcheke mpaka akome!"

Kesho yake, pete ilipomkaa tu kidoleni, Nyamizi akaangua kicheko. Bwana harusi akadakia, kwaya ikafuata, vikongwe wakavunjika mbavu.

"Mnamcheka nani?"

"Shetani, Baba!"

Mchungaji akaziba masikio, akapiga mayowe, akatoka mbio.

Nyamizi akafuta machozi. "Jamani! Kumbe ndiye!"