Mwalimu Nguchiro, Mkaguzi Fisi na Chungu Kinachovuma

Masikio yapo?
Yapo!
Nikidanganya?
Tia na chumvi!

Basi hapo kale palikuwa na mwalimu Nguchiro, mwili kiduchu, mdomo mpana. Aliwapenda wanafunzi wake sana, ila jibu halikumkaa kinywani. Akiuliza, "Mbili na mbili ni ngapi?" kabla mkono haujanyanyuka anajijibu, "Nne." Kisha anajipigia makofi, pa pa pa. Mwenyewe alijijua. Alikuwa akijiambia, "Shule hii ina mwanafunzi mmoja tu anayejibu, naye ndiye mwalimu."

Siku moja akaja Fisi, mkaguzi wa shule zote za msituni. Akikuta somo la mbegu, anakula maharage. Akikuta somo la mizani, anakula nyama iliyopimwa. Halafu anaandika, "Somo halina zana," na shule inafungwa.

"Kesho nitaketi nyuma nitazame somo lako," Fisi akasema. "Siku hizi mwalimu hatoi jibu. Anauliza, anaongoza, mwanafunzi agundue mwenyewe. Ukitoa jibu, hata moja, nafunga shule."

Nguchiro akarudi kwake. Watoto walikuwa hawajajifunza nyayo za chui. Shule ikifungwa, wangezijua wakiwa tumboni mwake. Akafikiri, akafikiri, akaandaa somo.

Asubuhi akaweka chungu mezani, kimefunikwa jani la mgomba. Watoto akawakalisha karibu na mlango. Fisi akaketi nyuma.

"Watoto, chunguni mna nini? Msifunue. Tumieni masikio na pua."

Digidigi akatega sikio. "Mwalimu, mnavuma vuuu."

"Kinachovuma vuuu ni..." Nguchiro akaudaka mkia wake, akauuma, kacha! Jibu likarudi kooni.

Kindi akanusa. "Mwalimu, mnanukia utamu."

"Chenye utamu kikavuma ni..." Kacha!

Watoto wakatazamana, wakasogea mlangoni. Fisi naye akasogea mezani, mate chururu.

"Ni asali," akasema.

"Na penye asali, mheshimiwa, pana nini tena?"

"Pana mimi."

Hapo Nguchiro akamhurumia kweli. Neno moja tu lingemwokoa mkaguzi, nalo lilimwasha ulimi. Lakini amri ni amri. Akauma mkia mpaka machozi yakamtoka.

Fisi akafunua, akazamisha kichwa. Vuuu! Watoto nje. Nguchiro nje. Fisi nje, chungu kichwani, mbio mpaka mtoni, chubwi!

Jioni akarudi, uso umeumuka kama andazi. "Kwa nini hukuniambia mna nyuki?"

Nguchiro akautoa mkia kinywani. "Mheshimiwa anaonaje?"

Fisi akashika kalamu. Jibu halikutolewa, hata moja. Amri yake mwenyewe imembana. Akaandika, "Somo limefaulu. Mwanafunzi amegundua mwenyewe." Akaenda zake, na shule ikabaki wazi.

Kesho yake Nguchiro akaingia darasani, kifua mbele, mkia umefungwa kitambaa. "Watoto, Fisi alikosea wapi?"

Kabla mkono haujanyanyuka akajibu, "Hakusikiliza chungu." Akajipigia makofi, pa pa pa.

Haya, na nyinyi mnaosikiliza, ngano hii inatufunza nini? Fikirini taratibu, mgundue wenyewe. Inatufunza kwamba mwalimu mwema husema majibu yote mapema, wasije watu wakavimba nyuso bure.

Ngano yangu nimeifunika. Anayebisha, na afunue.