Jina Jipya la Kabula

Hapo zamani, enzi ambazo chui walitembea mchana kweupe kama watu wenye shughuli zao, palikuwa na kijiji walimokaa watu wa nyika, watu wa vilima na watu wa mtoni. Walioana, wakaazimana chumvi, wakatukanana kwa lugha tatu. Jambo moja tu walikubaliana: mtoto aliyeponea chupuchupu asibaki na jina lake. Walisema kifo hakikumbuki sura, ila majina hakisahau hata kidogo. Kwa hiyo mtoto alinyolewa, akapewa jina la shujaa aliyemwokoa. Jina moja tu, na kabla jua la siku ya saba halijazama. Akipewa la mtu asiye shujaa wake, kifo kitamwita kwa jina la zamani, naye ataitika.

Siku ya saba ilimkuta Nyamizi uani kwake, amempakata bintiye Kabula, mtoto wa miaka minne. Tangu alfajiri mwili wa mtoto ulikuwa ukichemka kwa homa. Mbele yao alichuchumaa kinyozi Mihayo na wembe wake.

"Mama Kabula, nitajie jina. Wembe unapoa."

"Kwani ulikuwa na moto?"

"Ni namna ya kusema, mama. Taja."

Atataja lipi? Chui alimbeba Kabula kutoka uwanja wa kupuria mtama, akapanda naye mwambani. Hapo wote walikubaliana. Kuanzia hapo, kila mtu alikuwa na chui wake.

Wa kwanza kusema alikuwa Magesa, mtu wa nyika. Kwao shujaa ni mwenye kovu, na asiye na kovu ni mpita njia. Alifungua kitambaa alichofungia kidonda cha mkono kwa mara ya kumi na moja wiki hiyo; hata nzi walishauzoea ule mkono.

"Dada Nyamizi, tazama. Nilimrukia chui mikono mitupu. Akamwachia mtoto ili anitafune mimi. Kwetu tunauliza swali moja: damu ya nani ilimwagika? Yangu. Mwite Magesa."

"Huyu ni msichana," kinyozi alisema.

"Atazoea."

Nyamizi akautazama ule mkono, akaona ni kweli. Akafungua kinywa. Lakini Ndalahwa, mtu wa vilima, alikuwa ameshaanza kucheka.

"Shemeji, bwana huyu hakumshinda chui. Alikuwa chakula chake cha mchana. Nani alimtoa mdomoni? Mimi nilijibanza nyuma ya jiwe nikalia kama mwanambuzi. Chui akaitema nyama ngumu, akaifuata sauti hadi bondeni, akatumbukia kwenye shimo langu la kutegea nguruwe. Yumo hadi leo, ananuna. Kwetu shujaa ni yule anayerudi nyumbani mzima, na shuka lake halijachanika. Mwite Ndalahwa."

"Ulijificha," Magesa alisema.

"Kwa akili. Wewe ulionekana kwa ujinga."

Nyamizi akaona na hili ni kweli. Kichwa kikaanza kumzunguka. Katika hadithi ya Magesa hapakuwa na Ndalahwa. Katika hadithi ya Ndalahwa, Magesa alikuwa kitoweo. Na katika zote mbili palikosekana kitu.

"Chui alipomwachia, mtoto wangu alitumbukia kwenye ufa wa mwamba," alisema polepole. "Wewe ulikuwa unatafunwa. Wewe ulikuwa unalia kama mbuzi. Nani aliingia ufani?"

Siku ile, watu waliposhuka bondeni wakishangilia, Kabula alikutwa nyumbani kwenye mkeka, na mgongoni mwa gauni lake palikuwa na alama za viganja viwili vya udongo mbichi. Mfinyanzi kijijini alikuwa mmoja tu: Bi Nyanjige, mjane wa watu wa mtoni. Naye alikuwa papo hapo uani; alileta chungu cha maji ya kumkanda mtoto, na sasa alikuwa akinyata kuelekea mlangoni.

"Mama," Nyamizi alimwita, "nani alimtoa?"

"Alitoka."

"Alitokaje?"

"Watoto hutoka, mwanangu."

Nyamizi alielewa, na kuelewa kukamchanganya zaidi. Kwa watu wa mtoni shujaa hatajwi akiwa hai. Akitajwa tu, anahesabiwa marehemu: hapewi salamu, wala hali katika chungu kimoja na wenzake. Akamfuata mlangoni na mtoto mikononi.

"Ni wewe, mama?"

"Nina wajukuu watano. Kila asubuhi wananipigia hodi waniamkie. Usininyang'anye hilo."

"Na huyu akifa?"

Bi Nyanjige akaitazama mikono yake.

"Kama hakuna njia, nitaje," alisema. "Ila usinitazame wakati unanitaja."

Nyamizi akaketi chini pale pale, kizingitini. Amtaje mwenye damu? Amtaje mwenye akili? Au amlipe aliyemtoa mwanawe kwa kumzika hai? Aliposhindwa kabisa, akamwinamia mtoto.

"Mwanangu, nani alikuokoa?"

Kabula akafumbua jicho moja.

"Chui."

Magesa akakohoa. Ndalahwa akacheka peke yake.

"Kulikuwa na nyoka kwenye mtama, akaja hapa mguuni," mtoto alisema. "Chui akaishika nguo yangu kwa meno, akanibeba."

Kinyozi akamgeuza, akampapasa shingo, mabega, mgongo. Hapakuwa na alama hata moja ya jino. Ndalahwa akatazama upande wa bondeni, kule kwenye shimo lake, na kicheko kikamkauka.

"Mimi hilo silitangazi," Mihayo alisema. "Nina wateja."

Kisha akaulowanisha wembe. Jua lilikuwa limeshagusa ua wa mabua. Magesa alimtazama Nyamizi, Ndalahwa alimtazama Nyamizi, na Bi Nyanjige alitazama pembeni, tayari. Nyamizi akavuta pumzi.

Na mimi hapo ndipo nilipofika, jamani, na kichwa changu si kizima kuliko chake. Je, nani alistahili? Semeni upesi. Mtoto anachemka.