Jini Aliyevaa Saa

Sogeeni karibu, wakubwa na wadogo, msikie vizuri, maana nikinyamaza mimi mtaanza kusema ninyi. Haya yalitokea Tabora, kwa watu watatu.

Wa kwanza ni Mzee Shija, aliyekuwa mwendesha mashine katika ukumbi wa sinema siku ukumbi ulipokuwa hai. Mkono wake haukujua kutupa kitu. Kwake ungekuta kalenda za miaka ishirini iliyopita, na miwani ya marehemu baba yake ingawa hakuna aliyeweza kuivaa.

Wa pili ni Nyamizi, mpiga picha mwenye studio ndogo karibu na stesheni. Yeye alijaliwa jicho. Mpe picha ya harusi yenye watu mia, atakuonyesha yule mmoja aliyekosea kufunga kifungo cha shati.

Wa tatu ni Hamduni, fundi redio, asiyeona tangu utotoni. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Ukikaribia kibanda chake alikutaja jina kabla hujabisha hodi, kwa jinsi tu unavyoburuta kandambili.

Na aliyewakutanisha ni Bi Kalunde, mama wa miaka sabini na kitu, mjane, asiye na mtoto.

Zamani, mwaka wa themanini na saba, Bi Kalunde alitengeneza filamu. Aliitunga, akaiongoza, akamvalisha mumewe, Mrisho, joho jekundu na unga usoni ili awe jini. Filamu iliitwa Jini wa Kisima cha Tatu. Siku ya kwanza kuonyeshwa, Jumapili alasiri, ukumbi ulijaa. Ikafika pale jini anapotoka kisimani usiku wa manane kumnyakua bibi harusi. Akanyoosha mkono, eti mkono wa kutisha, na watu wakaona saa. Saa ya mkononi, ya chuma, inang'aa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Kalunde, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka akaenda nyumbani kwa miguu.

Siku nne baadaye gazeti likaandika: "Hii si filamu, ni adhabu. Majini wenyewe wanavaa saa ili wasichelewe kutuchosha."

Mrisho hakuigiza tena. Aliuza asali mpaka alipofariki, na ndani ya nyumba ile jina la filamu halikutajwa. Bi Kalunde akaamini kwamba ni yeye aliyemfanya mumewe kuwa kichekesho cha mji.

Lakini filamu haikufa. Watu wasiojulikana walikuwa wameinakili kwenye kanda za video, na nakala ikazaa nakala, mpaka picha ikawa kama unaitazama kupitia maji ya sabuni, na sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Hata hivyo watu waliipenda. Walijua maneno yake kwa moyo. Jini wakamwita Bwana Saa.

Nyamizi alikuwa mmoja wao. Siku moja akamwendea Bi Kalunde.

"Mama, nataka kuisafisha filamu yako, itoke kwenye diski, ing'ae kama imepigwa jana."

"Ili wamcheke vizuri zaidi?" Bi Kalunde akauliza.

Nyamizi hakuondoka. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, kila mara akikaa na kumsaidia kuchambua mchicha bila kutaja filamu. Mara ya sita Bi Kalunde akasema mwenyewe: "Nitakubali kwa masharti mawili. Ile saa uifute mkononi mwake. Na isisikike hata sauti moja ya mtu anayecheka. Sitaki mume wangu achekwe akiwa kaburini."

"Nimesikia, Mama."

"Lakini utasafisha nini? Mikanda yenyewe niliagiza ichomwe."

Hapo ndipo Mzee Shija alipoitwa, rafiki wa marehemu Mrisho, maana ndiye aliyepewa kazi ya kuichoma. Alikuja amevaa koti la sherehe, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shemeji," alisema, "siku ile ulinipa makopo manane ya mikanda na kibiriti. Kibiriti nilikitumia kuwashia jiko."

"Na makopo?"

"Yako chini ya kitanda changu. Kila mwaka, mvua zikikatika, nayafungua, naufuta mkanda kwa kitambaa kikavu, naufunga tena."

"Miaka yote hii, Shija? Ulinitazama usoni ukasema umeichoma!"

"Nilisema 'kazi imekwisha', shemeji. Sikusema kazi gani."

Bi Kalunde hakumsemesha kwa siku tisa. Siku ya kumi akamtumia bakuli la wali, na mji mzima ukajua kwamba amesamehewa.

Mikanda ikapelekwa Dar es Salaam kwenye mashine ya kuinakili, ikarudi ikiwa picha ndani ya kompyuta. Ndipo kazi ya Nyamizi ikaanza. Kila picha ilikuwa na mikwaruzo, madoa, nywele. Alizisafisha moja moja, miezi kumi na minne, kila siku baada ya kufunga studio saa kumi. Rangi ya joho ilikuwa imepauka ikawa kama chai ya maziwa. Akaitafuta mpaka ikarudi nyekundu. Kamba iliyoshikilia popo wa kitambaa aliiacha. Alipofika kwenye saa, aliitazama siku tatu. Kuifuta kulikuwa rahisi, kazi ya mchana mmoja. Akaikuza picha, na kwa mara ya kwanza tangu filamu itengenezwe mtu akaweza kusoma ile saa ilionyesha saa ngapi. Saa nne na dakika kumi. Jini wa usiku wa manane, saa nne na dakika kumi!

Nyamizi alicheka peke yake mpaka akalia. Kisha akaiacha.

Ikabaki sauti. Ule mstari wa sauti pembeni mwa mkanda ulikuwa umeliwa na ukungu. Hapo akatafutwa Hamduni, kwa sababu Jumapili ile alikuwa ukumbini, kijana wa miaka ishirini, na redio kaseti mapajani. Wenzake waliondoka na picha kichwani. Yeye aliondoka na filamu yote kwenye kaseti mbili, na alikuwa bado anazo. Alizisikiliza kwa miezi mitano, akitoa kikohozi cha huyu, kilio cha mtoto wa yule, mlango, viti. Ili maneno yalingane na midomo, mkewe, Zaituni, alikaa mbele ya kompyuta akimgusa bega kila mdomo unapofunguka. Kicheko cha ukumbi Hamduni alikitoa chote, sauti baada ya sauti, kama alivyoagizwa.

Isipokuwa kimoja. Kilikuwa cha mwanamume aliyekaa karibu na kaseti. Hamduni hakumjua; jini wa filamu alinguruma tu, na maneno ya mtu huyu aliyadhani utani wa mtazamaji anayejifanya jini. Alikirudia mara nyingi.

"Huyu hamcheki mtu," alimwambia mkewe. "Huyu amefurahi tu. Nikimtoa, nitakuwa nimemfukuza mtu sherehani."

Zaituni akamkumbusha, "Lakini mama alisema kisisikike hata kimoja."

"Najua alivyosema."

Akakiacha.

Diski ikafika Jumamosi moja mchana. Sebule ya Bi Kalunde ilijaa: majirani, wapenzi wa filamu waliokuja kwa treni kutoka Kigoma, watu wamekaa mpaka kwenye mkeka. Mapazia yalifungwa, runinga kubwa ya Nyamizi ikawashwa. Bi Kalunde alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama siku ile.

Picha ilipotokea, watu walishusha pumzi. Kumbe kisima kilikuwa na majani kingoni! Kumbe bibi harusi alikuwa na mwanya! Bi Kalunde akasogeza kiti mbele kidogo. Kwa miaka mingi alikuwa amemwona mumewe kwenye picha moja tu ya kitambulisho. Sasa alikuwa mbele yake, kijana, jasho linachora mistari kwenye unga wa usoni.

Jini akatoka kisimani. Akanyoosha mkono. Saa ikang'aa.

"Bwana Saa!" watu wakapiga kelele, wakapiga makofi. Mmoja akaomba picha isimamishwe. "Saa nne na kumi! Jamani, alikuwa anawahi chai!"

Bi Kalunde alishika mkono wa kiti. Akamtazama Nyamizi. Nyamizi akatazama chini.

Picha ikaendelea, na ndipo, katikati ya muziki wa kutisha, kikasikika kicheko. Cha mtu mmoja, kinaanzia kifuani, kinapanda, kinakatikia kwenye kikohozi. Halafu sauti, wazi kabisa: "Jamani, nimesahau kuvua saa! Nimesahau kuvua saa!" Kisha kicheko tena.

Bi Kalunde alisimama.

"Rudisheni."

Wakarudisha. Akasikiliza mkono ukiwa mdomoni.

"Huyo ni Mrisho," alisema. "Huyo ni mume wangu. Alikuwa ndani. Mimi nilitoka, yeye akabaki anacheka."

Mzee Shija ndiye aliyefungua mdomo, polepole. "Aliniomba nisikutajie filamu ile kamwe, shemeji. Alisema wewe ndiye uliyeumia."

"Na mimi nilinyamaza kwa ajili yake," alisema Bi Kalunde.

Akaketi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na waliokuwa karibu wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka, na alipopata pumzi akasema, "Haya, irudisheni mwanzo. Sijaiona vizuri." Wakaitazama mara mbili mchana ule, na mara ya pili yeye ndiye aliyewaonyesha kamba ya popo.

Wiki iliyofuata aliwaita wale watatu, akaweka karatasi ya wosia mezani.

"Sina mtoto," alisema. "Filamu hii, mikanda yake na haki zake zote, nataka nimwachie aliyenirudishia mume wangu. Jina moja tu. Ukumbi wa sinema niliuona ukifa mikononi mwa ndugu wanne wasiosikilizana, sitarudia kosa hilo. Nyote watatu mlinikaidi, na nashukuru. Lakini nimwandike nani?"

Mzee Shija alisema aandikwe Nyamizi, kwa kuwa ni kijana na ataitunza muda mrefu. Nyamizi alisema hapana, bila mikanda yeye angesafisha nini? Aandikwe Mzee Shija. Hamduni alipoulizwa alisema yeye aliacha kicheko bila hata kujua ni cha nani.

Majirani nao hawakuelewana. Wengine walisema Shija, aliyeitunza filamu wakati hapakuwa na yeyote wa kumshukuru. Wenzao wakajibu: ndiyo, lakini alimwacha mjane na huzuni yake miaka yote, na makopo yako chini ya kitanda! Wengine wakasema Nyamizi, kwa kuwa ndiye aliyebisha mlango, na saa isingekuwepo kile kicheko kingekuwa na maana gani? Wakajibiwa kwamba alimwahidi mtu uso kwa uso, akavunja ahadi akijua. Waliobaki wakasema Hamduni, kwani kilichomtua mama yule mzigo ni sauti ile, si picha. Wakaulizwa: mtu alipwe kwa jambo alilolibahatisha?

Bi Kalunde ameshika kalamu, na chai inapoa. Shija aliyekataa kuchoma, Nyamizi aliyekataa kufuta, Hamduni aliyekataa kumfukuza mtu sherehani.

Mimi nimemaliza. Je, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?