Fisi Alipojifanya Msanifu wa Nyumba

Mvua kubwa zilibomoa nyumba zote za bondeni, Swala akabaki na mapacha wake chini ya kichaka kinachovuja. Sheria ya Simba ilisema kwamba mnyama yeyote asimchoree mwenzake nyumba ila msanifu aliyeidhinishwa na baraza la Mchwa. Lakini wasanifu hao walikuwa wachache, na foleni ya wateja ilifika mtoni.

Ndipo Fisi alipokuja, kipande cha mkaa kimechomekwa sikioni.

"Shemeji, unateseka vipi na msanifu nipo?"

"Baraza limekuidhinisha?"

"Baraza! Wao wakikwama huja kuniuliza mimi."

Akachora hapo hapo chini. Dirisha hakuna, mlango mpana kama mdomo wa pango.

"Mlango wote huo wa nini? Wanangu wembamba."

"Hewa, shemeji. Hewa!" Fisi akawatazama mapacha, akameza mate. "Malipo tutaongea mkishahamia."

Swala hakuyapenda yale mate, ila mawingu yalikuwa yametanda tena. Akakubali.

Nyumba iliposimama, jirani yake Sungura alikuja kuitazama. Akagonga ukuta; udongo ukammwagikia.

"Hongera, Bwana Msanifu! Sasa ingia ndani, Tembo aegemee ukuta kwa nje. Si ndiyo desturi ya kukabidhi nyumba?"

Swala hakuwahi kuisikia desturi hiyo, lakini alimwona Sungura akimkonyeza, akawavuta mapacha wake kando.

"Naijua sana," alisema Fisi, ambaye hakuwahi kukiri kutojua kitu. Akaingia kwa maringo.

Sungura akamwita Tembo, naye akaja akipiga miayo. "Niegemee polepole, au kama kawaida?"

"Kama kawaida," alisema Sungura. "Huyu ni mtaalamu."

Ukuta ukalia kabla haujaguswa.

"Ngojeni!" Fisi alipiga yowe. "Mimi si msanifu! Hata shimo ninamolala alilichimba Mhanga, yule mwenye pua ndefu!"

"Amesemaje?" aliuliza Tembo, akiinama kusikiliza. Bega lake likagusa ukuta, na nyumba yote ikalala chini.

Fisi alitambaa nje, boriti imemwangukia kiunoni. Simba akamhukumu kuwabebea Mchwa udongo, akianza na wa kuijenga upya nyumba ya Swala. Tangu siku hiyo mgongo wake umeshuka nyuma, na wanaojenga bondeni humuuliza msanifu ni nani aliyemwidhinisha, kisha huenda kumuuliza huyo aliyetajwa.