Njia Iliyopimwa kwa Mabuti

Mtu mmoja wa milima ya Upare alikuwa na jozi ya mabuti, na mabuti hayo yalimpa heshima kuliko alivyopenda kukiri. Aliitwa Togolani. Alikuwa msimamizi wa njia ya kijiji, ile njia inayoshuka kutoka mashamba ya tangawizi yaliyo juu kabisa mpaka bondeni, kwenye soko na zahanati. Mabuti alipewa na wageni waliokuja kupima chemchemi, siku walipokuwa wanaaga. Yalikuwa ya ngozi, yenye kamba ndefu, na soli yake nene kama kipande cha sabuni ya mche. Aliyavaa shambani, akayavaa kanisani, na watu wakazoea kujua kwamba anakuja kabla hawajamwona.

Huko Upare kuna kazi ya pamoja inayoitwa msaragambo. Pembe ikipulizwa asubuhi, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na wote hushika kazi moja, leo mfereji, kesho njia. Kijiji hiki kilikuwa na desturi yake juu ya hilo. Njia haikuguswa na jembe mpaka msimamizi awe ameipita yeye mwenyewe, kutoka juu mpaka chini, kisha asimame mbele ya watu na kusema pa kutengeneza. Akisema hapana pa kutengeneza, watu huenda kwenye mfereji. Hakuna wa kumbishia, maana yeye ndiye aliyepita. Na Togolani, msimu baada ya msimu, alisimama akasema, "Nimepita mwenyewe. Njia ni nzuri." Hakuwa anasema uongo, na hilo nawaomba mlishike. Alipita kweli, na chini ya mabuti yake njia ilikuwa nzuri kweli.

Masika moja shemeji yake, Namsifu, mke wa mdogo wake Sefania, alianguka kwenye kona ya changarawe akiwa na gunia la tangawizi kichwani. Mguu ulivunjika. Ulipokuja kuunga uliunga vibaya, na tangu hapo akawa anachechemea. Watu walipokutana baadaye, mmoja akauliza kama ile kona haifai kuchimbwa ngazi. Togolani akajibu kama alivyozoea kujibu, kwamba amepita mwenyewe, na kwamba mtu aangalie anapokanyaga. Namsifu alikuwa ameketi pale pale, mguu kaunyoosha mbele. Sefania, tangu siku ile, hakula tena nyumbani kwa kaka yake. Alikuja, alisalimia vizuri, aliuliza habari za mifugo, na chakula kilipotengwa alikumbuka shughuli. Jambo hilo lilimuuma Togolani mno, maana walikuwa wawili tu kwa mama yao. Alijiambia kwamba mdogo wake ana kinyongo.

Kisha miguu yake mwenyewe ikamgeuka. Mabuti yale yalikuwa membamba mbele, na vidole vyake vilikuwa vimebanwa humo miaka mingi mpaka vikapandiana. Kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi, ikaanza kutoa usaha. Nesi wa zahanati alipomvua, alivitazama vile vidole kwa muda, akasema hajawahi kuona miguu mikubwa iliyoishi kwenye nyumba ndogo namna ile. Akamfunga bandeji, akamwambia atafute viatu vipana ambamo vidole vitapumua.

Togolani alikuwa na binti, Nakiete, anayefanya kazi Arusha ya kuongoza wageni wanaopanda milima. Alipopata habari, akamtumia baba yake viatu vya aina anayovaa mwenyewe. Togolani alipofungua mfuko alidhani amechezewa. Viatu vilikuwa vyepesi kama kitambaa, vipana mbele, havina kisigino, na soli yake nyembamba hata akaweza kukikunja kiatu kizima ndani ya kiganja. Nakiete alimweleza kwa simu kwamba ni viatu vya mtu anayetaka kutembea karibu sawa na peku bila kuchomwa na miiba. Akamwonya aende taratibu, kwanza uani, kisha kwa majirani, kisha ndipo mlimani. "Miguu yako imelala siku nyingi, baba," alisema. "Usiiamshe kwa kishindo."

Akaanza uani. Siku ya kwanza alikanyaga punje ya harage iliyodondoka wakati wa kupepeta, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. Misuli ya nyuma ya miguu ilimkaza akawa anashuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume. Jumapili alivivaa kwenda ibadani, na kina mama wa kwaya walimuuliza kwa upole kama amesahau viatu nyumbani akaja na soksi. Alivumilia, maana mabuti hayakuingia juu ya bandeji. Lakini kadiri siku zilivyokwenda vitu fulani vilianza kumfikia. Alisikia ubaridi wa sakafu ya kanisa ukipanda. Alijua kwa unyayo mahali ambapo ng'ombe wamepita na mahali ambapo umande haujakauka. Asubuhi moja alisimama kwenye majani nyuma ya zizi, vidole vimetawanyika, na akaona raha ambayo hakuwa ameionja tangu akiwa mchunga mbuzi. Angeombwa kueleza raha hiyo angeona haya.

Ndipo siku ya msaragambo ikakaribia, na ikambidi kuipita njia. Kidole kilikuwa bado hakijapona, kwa hiyo alishuka na vile viatu vyembamba. Alipoanza tu mteremko akadhani amekosea njia. Mawe aliyokuwa hayajui yalimwinukia chini ya nyayo, makali, yamelegea, yanazunguka. Mizizi ilimpiga kwenye upinde wa mguu. Palikuwa na mahali ambapo njia imeinama kando kuelekea bondeni, kidogo tu, macho hayaoni, lakini unyayo unaona, na kifundo kinafanya kazi ya kukuzuia kila hatua. Alipofika kwenye kona ya changarawe aliteleza, akashika kichaka, akabaki amening'inia kwa mkono mmoja. Hakuwa amebeba kitu. Hapakuwa na tope. Akamaliza kona hiyo kwa makalio, yeye msimamizi wa njia, na akashukuru kwamba hapakuwa na mtu.

Usiku huo alikula kidogo na kulala mapema. Asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, aliingiza mguu kwenye mabuti kwa nguvu, bandeji na yote, akauma meno, akarudi kwenye njia. Alitaka kujua. Akashuka, na tazama, njia ilikuwa nzuri. Mawe yalinyamaza. Mizizi ikawa kama haipo. Ule mwinamo wa kuelekea bondeni ukanyooka, na kwenye kona ya changarawe soli ilishika imara kama mtu aliyesimama ukumbini. Kwanza alifurahi. Kisha akaogopa, maana alielewa kuwa kesho yake anaweza kusimama mbele ya watu wote na kusema, bila kudanganya hata neno moja, "Nimepita mwenyewe. Njia ni nzuri." Na akisema kinyume cha hapo, atakuwa amesema pia kwamba siku ile alimwonea Namsifu, mbele ya watu, mguu wake ukiwa umenyooshwa pale pale. Na atakuwa amesema kwamba mdogo wake hakuwa na kinyongo, alikuwa na haki.

Alikaa juu ya jiwe pembeni ya kona, akavua mabuti kwa sababu kidole kilikuwa kinampigapiga, na akabaki peku akiwa ameyashika mkononi. Hakuwa ameamua lolote. Alikuwa anatafuta namna ya kusema ambayo ingetengeneza kona na kumwacha yeye mzima. Akasikia mtu anateremka. Alikuwa Namsifu, na gunia la tangawizi kichwani. Alipofika mwanzo wa kona alisimama, akalishusha gunia, akalifungua. Akahamisha nusu ya tangawizi kwenye kanga, akaifunga, akaiacha kando ya njia. Akaipita kona na nusu ile ya kwanza, mguu ule mbovu ukitangulia kupapasa kama mkono wa mtu gizani. Akaiweka chini, akarudi, akachukua nusu ya pili. Ng'ambo ya pili ya kona akachanganya tena, akajitwika. Hakufanya hayo kama mtu anayejaribu kitu kipya. Aliyafanya kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake, na Togolani akajua kwamba kila siku ya soko, tangu mguu ulipounga, amekuwa akifanya hivyo. Alikuwa akiishi naye ua kwa ua, na hakuwa ameliona. Namsifu akamwamkia, "Shikamoo, shemeji." Akatazama miguu yake mitupu na mabuti yaliyo mkononi, akaenda zake.

Pembe ilipopulizwa kesho yake watu walikusanyika juu, majembe begani, tayari wamegeukia upande wa mfereji, kwa kuwa walikwisha kujua atakachosema. Togolani akasimama akiwa na vile viatu vyake vya kuchekwa. Akasema kwamba njia ni mbovu kutoka juu mpaka chini. Akataja mahali kwa mahali. Alipofika kwenye kona ya changarawe akasema kwamba shemeji yake Namsifu hakuanguka kwa uzembe. Aliangushwa na njia, na njia ilibaki vile kwa sababu yeye aliipita miaka yote akiwa juu ya mabuti. "Juzi ndiyo nimeikanyaga," alisema. Watu wengine waliguswa, mmoja wa kina mama wa kwaya akafuta macho, na Togolani mwenyewe alijisikia mwepesi. Kwa kweli alijisikia mwepesi kupita kiasi, na alimtazama mdogo wake kama mtu aliyekwisha kulipa.

Namsifu ndiye aliyejibu. Alikuwa amekuja na gunia lake, maana alikusudia kuteremka sokoni kazi ikiisha. Hakupaza sauti.

"Bado hujaikanyaga, shemeji," alisema. "Ulishuka mikono mitupu."

Kisha akalivuta gunia, akaliweka mbele ya miguu yake.

Togolani alilitazama lile gunia. Angeweza kusema kwamba yeye ni mtu mzima, kwamba kidole hakijapona, kwamba wanaume hawajitwiki kichwani. Aliinama, akasaidiwa kulipandisha begani, akaanza kushuka, na watu wakamfuata nyuma na majembe. Tangawizi ina uzito wa ajabu, hasa mbichi. Kila jiwe alilolijua juzi alilijua upya, na magoti yake yakajifunza mambo ambayo nyayo hazikuwa zimeambiwa. Kwenye kona ya changarawe alisimama. Hakuweza. Alijaribu kutanguliza mguu, ukateleza, akaurudisha. Watu wote walikuwa wanamwona, na hakuna aliyecheka. Basi akalishusha gunia, akalifungua kama alivyoona limefunguliwa jana, akaanza kuhamisha nusu.

Ndipo Sefania akapita mbele ya watu. Hakumwangalia kaka yake usoni. Aliinua jembe akachimba ngazi ya kwanza pale pale alipoangukia mkewe, akachimba ya pili, na wengine wakaja wakashika. Walichimba mpaka jua likawa kali. Togolani aliivusha nusu ya kwanza ya tangawizi juu ya ngazi zenye udongo mbichi, akarudi kuchukua ya pili, na Namsifu alikuwa ameketi juu ya jiwe akimtazama anavyoweka miguu, kama anayemfundisha mtoto wake. Jioni Sefania alipita nyumbani kwa kaka yake. Chakula kilipotengwa, alinawa.

Nawe uliyepewa kupima njia wanayopita wengine, nyumbani mwako au kazini au kanisani, mara ya mwisho uliposema kwamba njia ni nzuri, ulikuwa umevaa nini miguuni, na gunia lilikuwa kichwani kwa nani?