Mtoto wa Mghoi na Majina Matatu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ile ambayo hata mtoto wa shule anaikumbuka, homa ya kifua iliingia nchini, ikapanda milima, ikafika mji wa Mwarungu. Watu wakaacha kupeana mikono. Makanisa yakafungwa. Mgonjwa aliyepelekwa hospitali kubwa kule bondeni alirudishwa ndani ya sanduku, na jamaa zake wakamzika wakiwa wamesimama mbali kama wageni.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja aliyeitwa Wakesho, fundi wa cherehani. Nyumbani kwake alikuwa amemficha Mghoi, binti wa dada yake. Mghoi alikuwa mjamzito. Alikuwa amemkimbia mumewe, mtu wa bondeni, aliyeendelea kumpiga hata baada ya kujua kuwa ana mimba. Mume alimtafuta. Aliuliza stendi, akauliza kwa ndugu, akafika hadi kwa Wakesho, na Wakesho akamwambia kwamba hajamwona Mghoi tangu arusi, akasema hivyo bila kupepesa macho. Mume alipoondoka, Wakesho aliivunja laini ya simu ya Mghoi, akampa simu ya marehemu mume wake mwenyewe, ambayo bado ilikuwa kwa jina la marehemu. Akamwonya asitoke uani ila kwa jambo la lazima.

Jambo la lazima likawa maandazi. Mimba ya Mghoi ilikataa kila chakula isipokuwa maandazi ya Mkamburi na chai yake ya tangawizi. Mkamburi alikuwa na kibanda nyuma ya soko. Asubuhi na mapema Mghoi alijitanda leso hadi machoni, akaenda. Mkamburi hakumwuliza jina wala kwao. Aliona tumbo, akaona namna binti yule anavyogeuka kila akisikia hatua za mwanamume, akampa nafasi karibu na moto, basi.

Ndipo serikali ilipoleta programu ya simu. Muuguzi wa zahanati, Sista Mshai, aliwaita watu uwanjani, wakakaa mbalimbali, akawaeleza. Simu mbili zikikaa karibu kwa muda, zinakumbukana. Mwenye simu moja akipatikana na homa, naye akiruhusu, simu yake inazipa habari zile zote zilizokuwa karibu nayo: ulikuwa karibu na mgonjwa, kaa nyumbani, ukijisikia vibaya sema. Jina la mgonjwa halitajwi, wala la anayepewa habari.

Watu hawakuridhika. Mmoja aliuliza kama polisi watajua ni nani alikuwa akinywa pombe saa za marufuku. Mwanamke mmoja aliuliza kama mumewe ataweza kuona alikokwenda. Mzee Mwandoe, fundi viatu, alinyanyuka akauliza swali ambalo wengine walikuwa wakilizunguka tu.

"Sista, umesema majina yetu yamefungiwa ndani. Sawa. Ufunguo anao nani?"

Mshai angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Kwa zahanati hii, ninao mimi," alisema. "Na ninaapa mbele yenu, sitafungua jina la mtu yeyote bila ruhusa yake mwenyewe."

Kwa ajili ya kiapo hicho watu wakakubali. Mzee Mwandoe aliiweka programu. Mkamburi aliiweka. Wakesho hakuiweka, akamkataza na Mghoi kabisa. Alimwambia kwamba mlango wenye ufunguo siku moja hufunguliwa, na nyuma ya mlango huo yuko mume wake. Mghoi aliitika. Lakini usiku ule mtoto alicheza tumboni, mama yake akaogopa kwa ajili yake, akaiweka programu kwa siri.

Haukupita muda mrefu, Mkamburi akaanza kukohoa. Alisema ni moshi wa kuni. Akaendelea kukaanga, akaendelea kumimina chai, kwa kuwa kibanda kile ndicho kilichowalisha wanawe. Asubuhi moja wateja walimpigia kelele kwamba maandazi yanaungua, naye alikuwa ameinama juu ya karai na hasikii harufu yoyote. Hapo akaelewa. Alifunga kibanda, akaenda zahanati, akapimwa, akaonekana anayo.

Simu yake ikamwuliza kama anaruhusu habari ziende. Mwanawe mkubwa alimsihi akatae. Alimwambia kwamba hata jina lisipotajwa watu watajua, maana soko zima hukaa kwake, na nani atakula tena mkononi mwa mgonjwa? Mkamburi alimsikiliza hadi mwisho.

"Wamekula mkononi mwangu, mwanangu. Siwezi kunyamaza."

Akaruhusu. Simu zikalia sokoni kote. Watu wakarudi makwao, wakakaa ndani, na wengi wakawaepusha wazee wao na homa. Lakini kama mwanawe alivyosema, hadi adhuhuri walikwisha kujua ni nani. Mtu mmoja aliyavunja mabenchi yake. Wengine walipita upande wa pili wa barabara. Mkamburi alipona, kibanda hakikupona.

Na simu ya Mghoi nayo ililia.

Siku chache baadaye mwili wake ukachemka. Simu ikamwuliza anavyojisikia, naye akajibu kweli: homa, pumzi fupi, mjamzito. Ikamwambia aende zahanati. Hakwenda. Mlinzi wa lango la zahanati alikuwa binamu ya mumewe. Alimlilia mama yake mdogo asimwite mtu yeyote, na Wakesho, ambaye kwake hilo halikuwa gumu kulikubali, hakumwita mtu. Alimchemshia majani, akamlaza kifuani pake ili apumue akiwa ameinuka, akavuta hewa ileile aliyoitoa Mghoi. Hakujifunika hata mdomo.

Kule zahanati, Mshai alikuwa akisoma majibu ya waliopewa habari. Wote walikuwa wamepatikana isipokuwa mmoja. Simu moja ilisema pumzi fupi, ikasema mjamzito, kisha ikanyamaza. Mshai aliitumia ujumbe, kimya. Akatuma tena, kimya. Akawapigia wakubwa wake wilayani, wakamwambia asubiri ruhusa ya mwenye simu. Aliwajibu kwamba mtu asiyeweza kupumua hawezi kutoa ruhusa. Wakarudia maneno yaleyale.

Mshai alikikumbuka kiapo chake, na uso wa kila aliyekisikia. Kisha akafungua.

Jina lililotokea lilikuwa la marehemu mume wa Wakesho. Alimjua marehemu huyo, na nyumba yake aliijua. Akapanda gari la wagonjwa mchana kweupe, majirani wakiangalia, akabisha kwa Wakesho. Wakesho alisimama mlangoni na kumwuliza ni nani aliyemwambia.

"Nimefungua jina," Mshai alisema. "Hilo nitalijibia. Sasa nipe mgonjwa."

Wakesho alimtazama kwa chuki kubwa, kisha akampisha.

Mghoi akawekewa hewa ya mtungi. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, wa kike, mdogo kama njiwa, na akalia. Mama akapona, mwana akapona.

Lakini binamu langoni aliona, na mume akapata habari. Alipanda mlima, akafika zahanati akitaka mkewe na mtoto wake. Wakesho, ambaye sasa naye alikuwa amelazwa hapo kwa homa, aliinuka kitandani, akashika miimo ya mlango wa wodi kwa mikono miwili. Alimwambia kwa sauti ndogo kwamba apite juu yake kama ana nguvu. Mume akamsukuma, akamwangusha. Wakesho akamng'ang'ania mguu, hakuuachia hadi askari wa chifu walipofika na kumchukua. Mume akashtakiwa, akafungwa. Wakesho alipona, ila pumzi yake haikurudi yote. Hadi leo akikanyaga cherehani kidogo, hupumzika.

Na habari ya kiapo ikaenea. Watu hawakusikia kwamba mtoto amezaliwa, walisikia kwamba jina limefunguliwa. Siku ileile wakaanza kuifuta programu, mmoja baada ya mwingine, na Mzee Mwandoe akaifuta ya kwake. Homa iliporudi haikutanguliwa na habari yoyote. Ilimkuta mzee huyo akishona viatu vya mteja aliyekuwa na kikohozi, ikamchukua. Wanawe walikwenda kwa Mshai. Hawakumtukana. Walimwuliza tu kama yule mama na mtoto wake ni wazima. Akasema ni wazima. Wakaondoka. Mshai akawaeleza wakubwa wake yote aliyoyafanya, wakamwondoa kazini.

Homa ilipotulia, Mghoi alitaka kumpa mwanawe jina. Kwao, mtoto aliyerudishwa kutoka mlangoni pa mauti hupewa jina la aliyemrudisha. Akawaita wale watatu, wakaja, wakakaa chumba kimoja kwa mara ya kwanza.

Wakesho akasema: "Mwite Wakesho. Kabla ya homa kulikuwa na ngumi, na nisingekuficha ungekufa naye tumboni. Nilikukataza ile programu kwa kuwa nilijua mlango utafunguliwa, na ulifunguliwa, na aliyepita ni yeye. Nani aliuziba mlango huo kwa mwili wake?"

Majirani walionong'ona dirishani walisema ni kweli. Lakini mmoja alikumbusha kwamba kama siri ya Wakesho ingeachwa isimame siku moja zaidi, angezikwa mama na mwana.

Mkamburi akasema: "Mimi sina maneno mengi. Nisingeruhusu, simu yako isingekuuliza unavyojisikia, na Sista asingekuwa na jina la kufungua. Niliambiwa nitapoteza kibanda, nikaruhusu, nikakipoteza. Hakuna aliyeniahidi malipo."

Wakasema ni kweli. Lakini mmoja alikumbusha kwamba homa ya Mghoi ilitoka katika kikombe cha Mkamburi, siku zile alizosema ni moshi wa kuni.

Mshai ilibidi Mghoi amwombe.

"Sikuja kudai," alisema mwishoni. "Nilivunja neno langu nikijua ninalivunja. Mtoto wako anapumua, Mzee Mwandoe hapumui. Lakini ukiniuliza kama siku ile ingerudi ningefanya nini, ningefungua tena. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia."

Dirishani wakasema ni kweli, na la kukumbusha alikuwa amekwisha kulisema mwenyewe.

Wakesho alipendekeza, kwa kuona aibu kidogo, kwamba labda mtoto apewe majina yote matatu. Mghoi alikataa. Alisema mtoto mwenye majina matatu kila mtu humwita lake, naye hukua bila kujua aitike wapi. Jina ni moja.

Akamwinua mtoto, akamtazama Wakesho aliyemzibia mlango, akamtazama Mkamburi aliyesema alipoweza kunyamaza, akamtazama Mshai aliyevunja kiapo. Kila mmoja alikuwa amempa uhai. Kila mmoja nusura amwue, au alimgharimu mtu mwingine uhai wake. Akafungua mdomo, kisha akaufumba.

Mimi nimewaletea hadi hapo alipoufumba. Sasa ninyi mliokaa hapa, na kila mmoja ana simu mfukoni: mtoto huyu aitwe nani?