Chupa Kati ya Magunia ya Karafuu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana simu za mkononi zilikuwepo na watu walizikodolea macho kama mnavyozikodolea nyinyi sasa hivi, palikuwa na mwanamke mwenye meli mbili. Jina lake Bi Salha Shebe. Meli zake ziliitwa Tulivu na Fanaka, na zote zilibeba karafuu kutoka visiwani kwenda bara. Weka simu, nisikilize, maana mwisho nitakuuliza wewe.

Tulivu ikifika, karafuu kavu. Unachukua moja, unaivunja, inalia tak! Fanaka ikifika, karafuu zimeota kuvu, magunia yananuka kama godoro lililonyeshewa. Safari hii hivyo, safari ijayo hivyo. Na meli zenyewe ni ndugu, zimetoka kiwanda kimoja, zinapita njia moja. Mbona Fanaka fanaka yake ilikuwa ya jina tu?

Siri alikuwa nayo Makungu. Huyu alikuwa sarahangi wa Tulivu, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitahani, mtu wa majigambo, kofia upande, sauti inasikika gati nzima. Kila safari alikuwa na chupa yake ya maji. Anaizika kati ya magunia kule chini, baadaye anaifukua, anapanda nayo sitahani, anaitazama, anatabasamu. Kisha ama anaamuru matundu ya hewa yafunguliwe, ama anaamuru yafungwe. Ukimuuliza, anakujibu, "Mambo ya watu wazima hayo."

Mabaharia wakaamua kwamba ile chupa ni kombe, maji ya mganga yaliyosomewa dua. Sarahangi wa Fanaka naye akaenda kusomewa chupa yake, akaiweka kati ya magunia, asiitazame tena mpaka mwisho wa safari. Matundu akayaacha wazi njia nzima, kwa hoja kwamba upepo unaokausha kanzu hauwezi kushindwa na karafuu. Kuvu ikazidi! Akafukuzwa kazi, maskini. Makungu alimwona akiteremka na mkoba wake, na akanyamaza.

Wanunuzi wakamwambia Bi Salha, "Tukipokea kuvu tena, tunahama." Wakihama wao, Fanaka inauzwa, na mabaharia wake wote wanarudi makwao.

Ndipo akaja Saumu Ndaro, afisa wa kwanza mpya wa Tulivu, yaani anayemfuata nahodha kwa cheo, binti wa Kidigo aliyetoka chuo cha mabaharia. Hakuchungulia, hakuvizia. Aliuliza.

"Shikamoo, Baba Makungu. Hiyo chupa inakwambia nini?"

"Marahaba, mwanangu. Inaniambia nisikwambie."

"Na Fanaka ikiuzwa?"

Makungu akaacha kucheka, akajishika goti. "Nisikilize vizuri. Goti hili limezichoka ngazi za meli. Nikikupa kilichomo kichwani mwangu, mimi nabaki na nini? Wataniweka kwa lipi?"

"Hutapoteza kitu, baba. Niachie mimi."

Akamwambia. Chupa ikikaa na magunia, inapata ubaridi wa magunia. Ipandishe sitahani. Ikitoka jasho, jua kwamba hewa ya nje ikiingia ndani itazitoa jasho karafuu vilevile, basi funga. Ikibaki kavu, fungua. Kwisha. Hapakuwa na mganga wala kombe.

Saumu hakuishia hapo. Zamani baharia wa zamu iliyokwisha alikuwa anatupa mkoba begani kabla meli haijatulia gatini, na yote aliyojifunza anakwenda nayo nyumbani kulala. Saumu akaweka desturi mpya: hateremki mtu kabla hajakaa na anayempokea, kahawa mezani na kashata pembeni, akamweleza meli inataka nini na inakataa nini. Hata wapishi. Mabaharia wakanung'unika, "Sasa tumekuwa wazee wa baraza?" Lakini Bi Salha akaikubali desturi hiyo kwa meli zote mbili, na Saumu mwenyewe akaenda Fanaka kuwafundisha watu habari ya chupa. Watu wakaiita chupa ya Saumu. Saumu alisikia, na hakuwasahihisha.

Haya, Fanaka ikapakia shehena ya mwisho, ile ya kuvunja au kujenga. Njiani sarahangi wake mpya akashikwa na homa, hajijui hajitambui. Nahodha akatazama jua, akatazama upepo mzuri, akaamuru matundu yote yafunguliwe.

Chande, mpishi, mtu wa Lindi, alikuwa amekaa kwenye ile kahawa. Akateremka kati ya magunia, akaileta chupa sitahani. Ikatoka jasho mpaka ikamlowanisha kiganja.

"Nahodha, tufunge."

"Chande, rudi jikoni. Wali utaungua."

"Wali uungue, nahodha. Karafuu zikivunda hatuna meli ya kupikia."

Nahodha akakataa. Chande akaenda akayafunga mwenyewe, tundu moja baada ya jingine, mbele ya macho ya wote, akasimama hapo na mwiko wake mkononi. "Tukifika zimevunda, nifukuze." Upepo ulipobadilika akaileta chupa tena. Kavu! Akafungua.

Walipofika, mnunuzi akachukua karafuu, akaivunja. Tak!

Wanunuzi wakampa Bi Salha kazi ya kubeba mavuno ya msimu mzima. Fanaka haikuuzwa, na meli ya tatu ikaagizwa. Bi Salha akafurahi kweli, akatangaza kiti kipya ofisini, nchi kavu: msimamizi wa shehena wa meli zote. Kiti kimoja. Wakaja watu watatu.

Makungu akasema, "Kiti changu. Chupa ni yangu. Bila mimi, Saumu angefundisha nini na Chande angeshika nini? Nami sina goti la kurudia melini. Nikikikosa kiti hiki nakwenda kwetu."

Bi Salha akamuuliza, "Na yule mwenzio niliyemfukuza, ukanyamaza?" Makungu akatazama chini.

Saumu akasema, "Kiti changu. Chupa ilikuwepo miaka yote, na Fanaka ilikuwa inaoza miaka yote. Mimi ndiye niliyeuliza, na mimi ndiye niliyewakalisha watu wakasema. Bila kahawa ile, chupa ingeondoka na Makungu."

"Na ile ahadi uliyonipa?" akauliza Makungu. Saumu naye akatazama chini.

Chande akasema, "Kiti changu. Nahodha alikunywa kahawa ileile niliyokunywa mimi, akasikia maneno yaleyale. Kujua walijua wote. Aliyefunga matundu nani?"

"Na amri ya nahodha?" akauliza Bi Salha. "Kesho kila mpishi atafanya alitakalo melini mwangu?" Chande akatazama mwiko wake.

Hapo Makungu akainua kichwa. "Bibi, chupa ni jambo moja tu. Mengine bado ninayo humu kichwani, ya kubeba vitunguu, ufuta na mchele. Kama nitayaacha hapa au nitakwenda nayo, itategemea neno lako la leo."

Bi Salha akageuka. Mlangoni walikuwa wamejaa mabaharia wa Tulivu na Fanaka, vikombe vya kahawa mikononi. Kila mmoja wao ana lake analolijua peke yake, na kila mmoja alikuwa anangoja kuona kama mwenye kusema hupata au hupoteza.

Basi mimi yangu nimemaliza, na kiti bado kitupu. Wewe uliyeweka simu chini, simama utujibu: aliyejua, aliyewafanya wengine wajue, na aliyetenda alichojua, je, nani alistahili kukalia kiti kile?